Koili Si Chaja: Acheni Kuuziana Moto kwa Jina la Chaji Isiyo na Waya

Wiki hii siandiki kuhusu palizi wala dawa ya ubwiriunga. Naandika kuhusu kitu kilichoanza kuuzwa minadani na kwa mafundi redio wa vijijini: taa ya kichwa "iliyobadilishwa". Tundu la chaji limezibwa kwa gundi, ndani imewekwa koili, na mkulima anaambiwa ailaze tu juu ya kitako chake nayo itajichaji bila waya. Nasema wazi tangu mwanzo. Wazo hilo ni zuri. Namna wengi wanavyolitekeleza ni hatari kwa nyumba yako, na anayekuuzia anajua nusu tu ya anachokiuza.

Niwape kwanza haki yao. Kwa wakulima wa korosho, kinachoua taa mara nyingi si betri wala balbu. Ni tundu la chaji, au kama wasemavyo mafundi, sistimu chaji. Msimu wa kupuliza unaanza gizani, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Salfa ya unga inaingia kila mahali, na salfa na shaba hazipatani hata kidogo: pini zinageuka nyeusi, kisha zinakataa kupitisha umeme. Ongeza umande. Kwa wa ukanda wa bahari ongeza chumvi. Kwa anayeshika mbolea ya urea kwa mkono ule ule anaochomekea chaja, ongeza na mbolea yenyewe, maana urea inanyonya unyevu hewani. Mtu anabadilisha sistimu chaji leo, baada ya miezi michache yuko tena kwa fundi. Taa isiyo na tundu lolote, iliyozibwa pande zote, ni taa inayofaa kazi ile. Kwa hiyo sipingani na kijana aliyefikiria koili. Kafikiria vizuri kuliko waliotuletea taa zenye matundu wazi.

Sasa tazama anachofanya. Anachukua vibao viwili vya koili vya bei rahisi, kimoja cha kutuma na kimoja cha kupokea. Cha kutuma anakipa volti 5 kutoka pawa benki au sola. Cha kupokea anachukua nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, na kuzilehemu moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu. Basi. Gundi juu, taa imekamilika. Ukimuuliza chaja iko wapi, anakuonyesha koili.

Koili si chaja. Koili ni mfereji. Mfereji unaleta maji shambani, lakini haujui kwamba jaruba limejaa. Anayejua ni mtu aliyesimama mlangoni mwa jaruba na jembe mkononi. Kwenye taa ile mtu huyo hayupo.

Betri ya lithiamu ya kawaida, ile ya mviringo inayoitwa 18650 (upana milimita 18, urefu milimita 65), au ile bapa ya BL-5C ya simu za vitochi na redio ndogo, ina masharti magumu kuliko betri ya gari. Imeandikwa volti 3.7. Ikijaa inafika volti 4.2, na hapo ndipo mwisho. Inachajiwa kwa hatua mbili: kwanza inapewa mkondo usiobadilika mpaka ifike 4.2, kisha volti inashikiliwa hapo hapo huku mkondo ukipungua wenyewe. Mkondo ukishuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, chaji inakatwa. Inakatwa kabisa. Betri ya maji ya gari unaweza kuipa chaji ndogo ndogo kutwa kucha. Ya lithiamu huwezi. Ukiisukuma kupita 4.2, madini ya lithiamu yanaanza kujitandaza ndani mahali yasipotakiwa, kimiminika kilichomo kinavunjika na kutoa gesi, betri inavimba, inapata moto. Ikifika kiwango fulani cha joto haihitaji tena umeme wako. Inajichochea yenyewe mpaka iungue.

Nimeonyeshwa godoro lililotobolewa na moto wa taa kama hiyo katika kijiji kimoja. Taa ilikuwa inachajiwa usiku, kwenye kichwa cha kitanda cha watoto. Usiku ule watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao. Mama mwenye nyumba alinieleza jambo hili bila kupaza sauti, na akaniuliza kama anaweza kudai apewe taa nyingine.

Fundi atakujibu: "Betri ina kibao cha ulinzi, itajikata." Nyingine zinacho, nyingine hazina kabisa. Na zile zilizonacho, kibao hicho kwa kawaida kinakata betri ikifika karibu volti 4.3, yaani baada ya mpaka kuvukwa. Kimewekwa kwa ajili ya siku ya ajali. Hakuna dereva wa bodaboda anayesimamisha pikipiki kila siku kwa kuigonga ukutani akasema ukuta ni breki.

Sasa nieleze saketi inayotakiwa, kwa sababu kukataza bila kufundisha ni kazi ya mgambo. Mkulima usikimbie hapa. Huna haja ya kuitengeneza mwenyewe, unahitaji kujua cha kuulizia.

Umeme kupita hewani si uchawi wala si jambo geni. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya inazaa umeme ndani ya waya huo, na dinamo ya baiskeli inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Neno kubwa hapo ni "inayobadilika". Umeme wa sola au wa betri umenyooka, haubadiliki, kwa hiyo ukiupeleka kwenye koili kama ulivyo hakuna kitakachovuka. Utaichemsha koili tu. Ndiyo maana upande wa kutuma kuna transista zinazowasha na kuzima umeme ule kwa kasi, kwa vifaa vingi mara laki moja na zaidi kwa sekunde. Koili inaunganishwa na kapasita ili viwili hivyo viitikiane kwa kasi moja, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Koili ya maikrohenri 24 pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 vinaitikiana kwenye takriban mara laki moja kwa sekunde. Kwa kasi hiyo umeme hausafiri katikati ya waya wa shaba, unapita juu juu, kwenye ngozi ya unene wa sehemu mbili za kumi za milimita. Kwa hiyo koili nzuri haisukwi kwa waya mmoja mnene. Inasukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa vanishi yake. Ukiona fundi kazungusha waya mnene wa umeme wa nyumba, mwambie nusu ya sola yako itaishia kupasha joto waya huo.

Upande wa kupokea ndiko kwenye uhai wa watu. Umeme ukitoka kwenye koili unapita kwanza kwenye dayodi nne ili unyooke, na ziwe zile za haraka zinazopoteza volti kidogo. Zile kubwa nyeusi za chaja za zamani hazifai, ni nzito kwa kasi hiyo na zitachemka. Baada ya dayodi inakuja kapasita ya kutuliza mawimbi. Kisha inakuja hatua ambayo hata mafundi waangalifu huisahau: kuzuia volti isipande. Koili mbili zikikaribiana sana wakati betri haivuti mkondo, volti ya upande wa kupokea inaruka juu kupita kiasi. Chipu ya chaja iliyoenea zaidi huku, TP4056, haitakiwi kupewa zaidi ya volti 8. Volti ikiruka ikafika 12 chipu inakufa, na wakati mwingine inakufa ikiwa imeacha njia wazi. Kwa hiyo lazima kuwe na kidhibiti cha kushusha hadi volti 5, au angalau dayodi ya zena ya kumwaga ziada.

Halafu ndipo ije TP4056 yenyewe. Huyu ndiye mtu wa jembe mlangoni mwa jaruba. Anapima, anatoa mkondo, anashikilia 4.2, anakata. Hii si chipu ya ughali. Kibao chake kizima ni bei ya vocha ndogo, na ndiyo sababu hasira yangu haiishi: watu wanahatarishiwa nyumba kwa ajili ya kuokoa pesa ambayo haitoshi kununua sahani ya wali.

Lakini hata huyo ana mwiko wake. Vibao vingi vinatoka dukani vimefungwa rezista ya kilo-omu 1.2, maana yake chipu inaomba mkondo wa miliampea 1000. Koili ndogo haiwezi kuutoa. Kinachotokea ni kwamba chipu inavuta, volti inaanguka, chipu inazima, volti inapanda, chipu inavuta tena. Taa ya kibao inapepesa usiku kucha na asubuhi betri haijajaa. Fundi asiyeelewa anasema "kibao kibovu", anakitoa, anaunganisha moja kwa moja, na sasa "inachaji vizuri". Nadhani taa nyingi za moto zimezaliwa hivyo hivyo. Dawa ni kubadilisha rezista moja. Ya kilo-omu 3 inatoa karibu miliampea 400, ya kilo-omu 4 karibu 300, ya kilo-omu 5 karibu 250. Kwa betri ya miliampea-saa 2000, mkondo wa 400 utachukua saa tano au sita. Ni usiku mmoja. Nani anayekimbizwa?

Baada ya TP4056, kile kibao cha ulinzi nilichokitaja kibaki mahali pake kama ukuta wa siku ya ajali.

Kuna jambo la joto ambalo wanaojenga taa hizi wanalipuuza. TP4056 inashusha volti kwa kuigeuza joto: ukiipa 5 na betri iko 3.7, kwa mkondo wa ampea 1 inatoa wati 1.3 za joto, na ni kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Kwa miliampea 400 ni nusu wati, inavumilika. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na mchana wetu chini ya bati tupu unakaribia hapo kabla hujaongeza chochote. Chipu hiyo ina pini ya kusoma joto la betri, ila kwenye vibao vya kawaida pini hiyo imezimwa kwa kuunganishwa chini. Fundi makini anaifungua na kuweka kihisi cha joto. Asiyeweza, basi walau asiibandike chipu juu ya betri, na aweke karatasi ya feraiti nyuma ya koili, kwa sababu gamba la betri ni chuma na chuma kikikaa kwenye uga wa sumaku ile kinachemka. Kwa sababu hiyo hiyo, wenye maduka, msiache sarafu juu ya kitako kinachowaka. Vifaa vinavyofuata kiwango cha Qi vimewekewa namna ya kugundua kitu kigeni na kujizima. Vibao hivi vya bei rahisi havina.

Sasa nije kwa wanaosema chaji isiyo na waya "inaokoa umeme". Huo ni uongo, na mwenye sola ndogo ndiye anayeulipia. Hesabu ni hii. Betri ya miliampea-saa 2000 ukiichaji kwa waya kupitia TP4056 kutoka volti 5 inakula wati-saa 10 hivi. Kwa koili, hata zilizolazwa vizuri, sehemu kubwa inapotea njiani; tuseme asilimia 60 inafika. Basi utahitaji karibu wati-saa 17 kwa betri ile ile. Ukiwa na paneli ya wati 5 inayokupa wati-saa 20 kwa siku yenye jua zuri, kwa waya unachaji taa mbili. Kwa koili unachaji moja, ya pili inabaki njiani. Na koili zikiachana milimita kumi, au zikikaa upande upande, hata hiyo 60 huipati.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sitaki mtu aupindue. Mwenye taa ya nyumbani, redio, simu: tumia waya, na nunua kifaa chenye kizibo cha mpira. Koili ni ya mtu ambaye tundu la chaji ni adui wake kweli: mpulizaji wa salfa, mvuvi, anayeosha banda la ng'ombe kwa maji kila asubuhi. Kwa huyo, wati-saa saba zinazopotea ni nafuu kuliko taa mpya kila msimu.

Na betri zenyewe? Hapa wafanyabiashara mnisamehe, nitawasema. Kuna 18650 zinauzwa zimeandikwa 9900. Hakuna 18650 ya namna hiyo duniani. Zilizo nzuri kabisa zinafika kama 3500, na nyingi za taa ni chini ya hapo sana. Kuandika 9900 kwenye betri isiyofika hata 1500 ni kangomba, tofauti ni kwamba kopo limegeuzwa betri. Mizani mnazo. Betri halali ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 na kitu. Ukipima ukaona 25 au 30, umeuziwa gamba lenye kitu kidogo ndani, na ukimuuzia mkulima umeshiriki. Soma pia kibandiko: zipo taa za sola zenye betri za volti 3.2, aina nyingine ya lithiamu, ambazo zinajaa kwenye volti 3.65. Ukizifungia TP4056 ya kawaida inazisukuma hadi 4.2. Hizo zinataka chipu yao.

Nimeshaambiwa, na kwa maneno makali, kwamba bwana shamba akae kwenye mbegu na mbolea, mambo ya koili awaachie mafundi. Stashahada yangu ni ya kilimo, kweli. Lakini taa ya kichwa ni zana ya kilimo kama lilivyo bomba la kupulizia, na nikiruhusiwa kukemea dawa feki sioni kwa nini ninyamaze kuhusu betri feki. Tena takwimu nilizotoa si siri za wataalamu. Zimeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu yenyewe, na kijana aliyepita VETA akasoma umeme atazisoma kwa dakika kumi. Wengine wameniambia nawaharibia vijana biashara. Kijana anayeweka chaja, kidhibiti na rezista sahihi, na kumwonyesha mteja kabla ya kuziba gundi, nitamtumia wateja mimi mwenyewe. Aweke alama yake kwenye taa. Anayekataa kufungua anajua kwa nini anakataa.

Kuna lawama nyingine inakwenda juu zaidi ya fundi. Taa hizi za matundu wazi zinaingia vijijini kwa maelfu, nyingine kupitia miradi yenye mabango makubwa, na hakuna aliyejiuliza mkulima wa korosho anafanya kazi kwenye vumbi la aina gani. Shirika la Viwango lina kazi ya kukagua bidhaa. Nasi tunaopokea shehena na kupiga picha nazo tuna kazi ya kuuliza maswali kabla ya picha. Fundi wa kijijini amejaribu kuziba pengo ambalo wenye ofisi waliliacha. Amelizibia vibaya, ndiyo, lakini pengo hakulichimba yeye.

Kwa ambaye tayari ameshanunua: nenda kwa fundi mwenye mita, ile ya bei ya kuku wawili. Chaji taa hadi mwisho, mbele ya macho yako, mchana, nje, juu ya udongo. Kisha pimeni betri. Inatakiwa isome karibu na 4.2. Ikikaribia 4.3, au ikiendelea kupanda ukiiacha kwenye kitako, ndani hakuna chaja; irudishe ulikoinunua na udai pesa yako. Betri iliyovimba usiitoboe, usiibane, usiichaji tena, na usiitupe kwenye shimo la takataka linalochomwa moto; iweke kwenye kopo la mchanga mbali na nyumba mpaka upate wa kuipokea. Ikianza kutoa moshi ondoa watu kwanza, usiuvute moshi ule, na kama maji yapo mwaga mengi kutoka mbali. Taa ya koili usiichaji kitandani, wala mkekani, wala ndani ya ghala la korosho, hata kama fundi aliyeitengeneza ni mwanao.

Nitakuwepo mnadani na mita yangu siku ya gulio. Leteni taa. Kupima ni bure.